Kamera ilizimika kila mikono ilipoingia chini ya shuka: jinsi port inayosinzia ilivyotaka kunifukuzisha Garissa

Wakuu, amani iwe kwenu, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kulogin pia nawaona.

Leo sina swali, nina kisa. Kila kitu humu ni kweli isipokuwa majina. Hayo nimeyabadilisha kwa sababu Garissa si kubwa kihivyo na mimi bado naishi huko. Asiyeamini aje mtaa wa Galbet aulizie fundi aliyegandisha zizi zima la mbuzi. Ataletwa mpaka mlangoni kwangu, tena kwa kicheko.

Mimi ni mtu wa Hola. Nilihamia Garissa na familia, nikafungua kibanda cha kazi za network: kuvuta kebo, kufunga kamera, kuwawekea watu WiFi ambayo baadaye wanamgawia jirani na jirani wa jirani.

Huku mtu hatafuti fundi mtandaoni. Anawauliza wazee wanaokunywa chai. Ukitajwa wakakunja uso, anza kufunga virago.

Jina langu lilikuwa zuri. Shikeni hapo, maana ndilo lililokuwa hatarini.

Mteja wangu mkubwa ni mzee mmoja, tumwite Haji Dagane. Ana duka la jumla katikati ya mji na zizi la mifugo nje kidogo ya mji. Magoti yamemchosha, hawezi tena kushinda zizini, kwa hiyo anayemuuzia mbuzi na ngamia ni dalali mmoja ambaye pia ni kaka wa mke wake. Huyo tumwite Kusow. Mcheshi, mwenye maneno mengi, ndevu zake zimepakwa hina na unaziona kabla hujamwona yeye.

Haji anampenda sana Kusow. Kumwamini ndiko hakupo, kila mara anahisi bei anayoletewa si ile iliyolipwa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja vizuri tu, muulize yeyote mwenye mashemeji.

Basi Haji akaniambia nimfungie kamera zizini, aone biashara yake kwenye TV akiwa dukani na chai yake ya maziwa ya ngamia.

Zizini hakuna stima, kuna solar na betri. Nikajiona mjanja, nikanunua switch (kifaa cha kuunganisha kebo za network) ya kubana umeme, ile ambayo boksi lake limechorwa jani la kijani. Nilimhubiria mzee kuhusu lile jani mpaka akaniuliza kama mbuzi wanaweza kulila.

Kamera nayo nikaiset itume picha pale tu panapokuwa na mwendo. Vumbi lililotulia nilitumie nini? Pasipo na mwendo, TV inashikilia picha ya mwisho. Nikasimamisha antena ya kurusha picha mpaka dukani, TV ikawaka, Haji akamtambua beberu wake mmoja kwa pembe iliyovunjika. Alifurahi sana. Akaniita adeer.

Kwa wasiojua: adeer ni baba mdogo. Ila huku mzee akikuita adeer, nawe unamwita adeer, neno linakwenda na kurudi. Kwa hiyo mkisikia adeer kwa adeer hapa, msichanganyikiwe.

Raha ikadumu kidogo tu.

Sasa nieleze kitu ambacho mtu wa Nairobi huenda hajakiona. Mbuzi hawauzwi kwa kupayuka bei. Dalali na mnunuzi wanasimama karibu, wanafunika mikono yao kwa shuka, halafu wanabonyezana vidole humo ndani. Kidole hiki maana yake hii, kukunja kule maana yake ile. Mdomo umefungwa, uso umekauka. Aliyesimama pembeni haambulii kitu. Na adabu ni kwamba waliopo karibu nao wanatulia, hakuna kupitapita, maana ukizungukazunguka pale utadhaniwa unachungulia.

Kwa hiyo wakati wa bei, zizi zima linakuwa kimya kama darasa la mtihani.

Na wakati huo huo, wakuu, ndipo kamera ilipokuwa ikizimika.

Mbuzi wakiingia, Haji anaona. Wakikimbizana, anaona. Kusow akitoa shuka begani, anaona. Mikono ikiingia chini ya shuka, baada ya muda kidogo TV inakuwa giza. Picha ikirudi, mnunuzi ameshapakia mbuzi na Kusow anajipepea.

Haji akanipigia. Nikaenda zizini, nikachomeka laptop kwenye switch, nikaanzisha ping mfululizo kwenda kwenye kamera. Kwa asiyejua, ping ni kama kuita "upo?" na yule wa pili anajibu "nipo", tena na tena. Nikakaa karibu mchana mzima. Mauziano yakafanyika mbele yangu, shuka zikapanda na kushuka, kamera haikutikisika. Nikamwambia mzee kila kitu kiko sawa, nikaenda zangu.

Sijafika hata nyumbani, simu. Giza.

Nikarudi, nikabadilisha kebo. Nikachomeka laptop, nikaanzisha ping, safi kabisa. Nikaondoka, giza. Nikabadilisha adapta ya kamera. Laptop, ping, safi. Nikaondoka, giza.

Mnaona ilivyokaa? Nikiwepo inafanya kazi. Nikitoka inakufa. Na inakufa kwenye bei tu.

Hata mimi ningejishuku.

Mambo yalipoharibika kweli ni siku nilipofika nyumbani nikakuta harufu ya nyama kuanzia kwenye lango. Mama watoto amepika paja zima la mbuzi. Nikajua ameletewa na watu wa kwao. Nikala. Wakuu, nilikula mpaka nikalamba vidole. Nilipomaliza ndipo nikauliza limetoka wapi, akasema limeletwa na mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu, amesema nikupe salamu na asante kwa lile giza.

Nilikaa pale na mfupa mkononi kama mtu aliyepokea barua ya mahakama.

Kusow alidhani nazima kamera makusudi kumsaidia! Siku iliyofuata nilimfuata nikamwambia sijafanya chochote. Akacheka, akanikonyeza, akasema fundi mzuri ni yule anayekana. Madalali wengine wakaanza kunisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata kwetu Hola.

Habari ya paja ilimfikia Haji kabla ya swala ya alasiri. Akaniita dukani. Walikuwepo wazee wengine wawili watatu, wale wale wa chai. Nikamiminiwa kikombe. Hakuna aliyenikaribisha kukinywa.

Haji hakupandisha sauti. Akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, "Mbuzi nakimbia, naona. Mtu nasimama, sioni. Mkono naingia chini ya shuka, giza. Adeer, nani nakuliba?"

Nikasema hakuna anayenilipa.

"Na nyama?"

Nyama kweli niliila.

Akaniambia Ijumaa baada ya swala niende zizini. Ama nionyeshe watu kinachozima kamera, ama niape mbele yao, halafu nifungue vifaa vyangu nitafute mji mwingine. Wale wazee wakatazama vikombe vyao. Nilitoka pale nikiiwaza familia. Watoto wangu wameshazoea shule ya hapa, mke wangu ana marafiki, na mimi natajwa kwenye chai kama mwizi. Iliniuma, sitaki kuwadanganya.

Nikaenda zizini nikiwa na hasira. Nikachomeka laptop, ping, safi kama kawaida. Nikaketi mbele ya switch nikiitazama kama ndiyo iliyokula paja.

Halafu laptop ikaisha chaji, ikazima.

Sikushughulika kuichaji, nilikuwa nimechoka. Pale mbele Kusow alikuwa ndiyo kwanza anafunika mikono na mnunuzi kutoka kambi ya Ifo. Watu wakatulia. Nikawa naangalia taa ya port ya kamera, yaani tundu la switch inapochomekwa kebo yake, kwa uvivu tu. Ikawaka, ikawaka, halafu ikazimika.

Macho yangu mwenyewe. Hakuna aliyegusa kitu.

Wakuu, nilisimama nikajipiga kofi la kichwa. Kumbe ping yangu ndiyo iliyokuwa inaificha shida. Kila nilipokuja kuichunguza, nilikuwa naiamsha.

Sasa twende taratibu, hata asiye wa fani ataelewa.

Port ya kawaida ya switch haipumziki. Hata kama hakuna data, inaendelea kurusha ishara kwenye kebo kumwambia mwenzake "niko hapa". Hiyo inakula umeme bure. Ndipo wakaleta kitu kinaitwa Energy Efficient Ethernet, EEE kwa kifupi, na kwenye switch nyingine utakuta wameandika green tu wakachora jani.

Chukulia una walinzi wawili, mmoja kila mwisho wa kebo, wameshika kamba. Wakati hakuna mzigo wa kupitisha, wanakubaliana kusinzia. Kila baada ya muda mfupi wanavuta kamba kidogo ili kila mmoja ajue mwenzake hajafa. Mzigo ukija, aliye na mzigo anavuta kamba kwanza, anamsubiri mwenzake asimame, ndipo anaurusha. Kusubiri kwenyewe ni kufupi mno, hutaona chochote ukiwa unafungua website.

Na makubaliano hayo yanafanywa pale tu unapochomeka kebo. Upande mmoja ukiwa haujui mambo ya kusinzia, hakuna anayesinzia.

Tatizo ni mlinzi wa upande wa kamera yangu. Ni kamera ya bei ya kawaida, na kwenye boksi wameandika inaweza EEE. Inaweza kusinzia, hilo halina ubishi. Ikisinzia kidogo inaamka. Ikipata usingizi mrefu, haivuti kamba inavyotakiwa. Switch inavuta, haijibiwi, inasema huyu amekufa, inakata link. Halafu wanaanza kusalimiana upya kutoka mwanzo, na mpaka wamalize, mbuzi wameshapakiwa.

Mbuzi wakitembea, kamera inatuma picha, port haipati nafasi ya usingizi mrefu. Watu wakisimama kwa ajili ya shuka, hakuna mwendo, hakuna picha, usingizi mzito. Adabu ya soko ndiyo iliyokuwa inazima kamera.

Kuna mkuu nilimsimulia hili inbox, akaniuliza kama EEE inakata na ule umeme unaopita kwenye kebo ya network kulisha kamera. Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Kamera inaendelea kuwaka, ni mazungumzo tu yanayokatika. Na ile tabia ya switch kuzima port isiyochomekwa kitu, au kupunguza nguvu kebo ikiwa fupi, nayo ni jani hilo hilo ila ni tawi lingine. Hayo hayakunisumbua.

Ningeweza kuizima EEE pale pale nikaenda kulala. Lakini kamera ingetulia ghafla baada ya mimi kutishwa, na hiyo ingekuwa sawa na kukiri. Nilihitaji ife mbele ya watu.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala zizi lilijaa kuliko siku ya soko, habari ilikuwa imetembea. Haji alibaki dukani mbele ya TV, simu yake ikiwa kwenye spika, na yangu nikaiweka juu ya pipa ili kila mtu asikie. Mzee mmoja kati ya wale wa chai akasimama kando yangu kunilinda. Mimi nikaweka mikono yote miwili kichwani.

Nikawaeleza: kamera hii inalala pakiwa kimya. Naomba kila mtu asimame asitikisike. Kusow akafunika mikono na mnunuzi mmoja, uso ameukausha, anajitahidi asicheke.

Zizi likaganda. Watu wazima, vijana, wauza chai, wote wamesimama kama wamemwagiwa gundi. Nzi wanatua puani mwa mtu na mtu anavumilia.

Tukangoja.

Simu ikasema, "Naona mbuzi."

Yule beberu wa pembe iliyovunjika alikuwa anapita mbele ya kamera. Taratibu, kama mwenye mali.

Hakuna wa kumfukuza, maana tumekatazana kutikisika. Akafika mwisho, nikashusha pumzi. Akageuka akarudi.

"Naona mbuzi bado."

Jasho likanitoka. Kila anapopita, kamera inaamka. Beberu mmoja alikuwa anaenda kuniharibia maisha. Akasimama katikati, akajikuna mguu, akanusa shuka la Kusow, akaanza kulitafuna pindo. Kusow, mtu wa maneno mengi, hakuweza kusema lolote. Nadhani hiyo ndiyo adhabu aliyopewa kwa lile paja.

Mwishowe beberu akachoka. Akapiga magoti, akalala, akacheua kidogo, akafumba macho.

Kimya kabisa.

Nilikuwa natazama taa ya port kuliko ninavyotazama mwezi wa Idi. Ikawaka, ikawaka.

Ikazimika.

Na simu pale juu ya pipa ikasema neno moja, "Giza."

Yule mzee aliyekuwa ananilinda akanitazama mikono, bado iko kichwani. Akamtazama Kusow, mikono iko kwenye shuka mbele ya watu wote. Akaisogelea simu akamwambia Haji kwa Kisomali kwamba hakuna aliyegusa. Hilo nililielewa bila kutafsiriwa.

Nikaomba ruhusa nishushe mikono. Taa iliporudi nikaingia kwenye settings za switch, nikaenda kwenye ile port ya kamera, nikazima EEE. Kazi ya dakika moja. Nikawaomba wasimame tena.

Wakaganda. Beberu bado amelala. Taa inawaka. Tukangoja kuliko mara ya kwanza. Taa inawaka. Haji akasema, "Naona shuka." Tukangoja tena. Beberu akatikisa sikio, tukamsikia Haji anasema, "Naona sikio."

Watu wakaanza kuomba waachiwe. Haji akakataa, akasema bado anaangalia. Nina hakika alikuwa anafurahia. Aliwasimamisha madalali wa Garissa wote mpaka miguu ikawatetemeka, yeye amekaa na chai.

Halafu akakohoa, na akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Sikia nyinyi wote. Huyu kijana hakuna mtu amenunua. Aliyesema amenunuliwa, ni mimi. Nimekosa. Adeer, nisamehe."

Mzee wa rika lile, mbele ya soko zima, kwenye spika. Wakuu, nikajifanya nafuta vumbi kwenye switch. Nikamjibu nimemsamehe, adeer.

Jioni paja lingine likaja nyumbani, hili limetoka kwa Haji mwenyewe. Mama watoto hakulipika. Aliliweka mezani, akanisubiri, akauliza hili nalo limetoka port gani.

Sasa niliyojifunza, tusipoteze muda wa watu.

EEE si mbaya. Kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi, iache, unapata akiba bila kuhisi kitu. Kwenye switch yangu ndogo, akiba ya port moja ilikuwa chini ya wati moja, na kwa ajili yake nilikuwa naenda kupoteza mji. Kamera za bei nafuu, simu za mezani za network, vifaa vya sauti, chochote kinachokaa kimya muda mrefu halafu kinatakiwa kuamka bila kujikwaa, zima EEE kwenye port yake. Port hiyo tu, si lazima switch nzima.

Na jambo la pili, ambalo limeniingia zaidi: ukienda kuchunguza kitu, angalia kama uchunguzi wako wenyewe hauibadilishi hali. Kaa mbali, tazama taa, funga laptop. Nusu ya aibu yangu ililetwa na bidii yangu.

Nani mwingine jani la kijani limemletea balaa? Wa Wajir na Mandera mnaofunga kamera kwenye solar, mmefanyaje? Na mkuu yeyote mwenye wazo kuhusu hili la mwisho anisaidie, maana nimeshindwa.

Jana Haji alinipigia. Kamera haijazima hata mara moja tangu Ijumaa ile, anaona mauziano yote mwanzo mpaka mwisho. Nikamuuliza, adeer, sasa umeridhika?

Nikamsikia anapuliza chai.

"Adeer, kamera yako ni nzuri. Naona shuka fizuri sana." Akafyonza chai. "Ile ya kuweka chini ya shuka, unayo?"